Wiki Ambazo Mama Alikaa Kwenye Kiti

Kuna bibi mmoja ninayemhudumia hapa Leicester ambaye chini ya soksi zake za sufu, kwenye droo ya kabati, ameficha kopo la biskuti. Biskuti ziliisha zamani. Ndani mna beji kumi na moja, kila moja ndogo kama kifungo cha koti, za chuma kilichopakwa rangi ing'aayo kama kauri, pini nyuma, jina la kambi ya likizo na mwaka mbele. Ya kwanza ni ya 1949, alipokuwa na miaka 12. Ya mwisho ni ya 1966, alipokwenda na watoto wake mwenyewe. Siku aliyonionyesha alizipanga juu ya shuka kwa kufuata miaka, moja baada ya nyingine, na ile iliyoanza kushika kutu akaisugua kwa kidole gumba kabla ya kuilaza.

"Hizi," akaniambia, "ndizo wiki ambazo mama yangu alikaa kwenye kiti."

Nilidhani nimemsikia vibaya. Tangu siku hiyo, kila nikienda kwake Jumanne na Ijumaa, namwomba anisimulie tena kidogo, na nikirudi nyumbani nasoma. Nimeshasoma mengi sasa kuhusu kambi za likizo za pwani ya Uingereza, na nimezipenda kwa dhati.

Mimi nimezaliwa Tanga. Kwetu bahari ilikuwa kazi. Baba mdogo alivua, shangazi alikaanga samaki na kuuza, na sisi watoto tulikwenda Raskazone jioni ya Idi kutembea na kununua mihogo ya kuchoma. Mama hakuja. Alikuwa nyumbani na mbuzi ya nazi, anakuna, maana wageni wa Idi hawaishi. Sikumbuki hata sikukuu moja niliyomwona mama anakula wakati wengine wanakula. Kwa hiyo bibi huyu aliponieleza kile kiti, maneno yake yalinigusa mahali ambapo hakupajua.

Tuanzie kwenye treni. Reli ilifika Skegness mwaka 1873, na mji ule mdogo wa pwani ya mashariki ukawa bahari ya watu wa Leicester, Nottingham na Derby. Mwaka 1908 kampuni ya reli ilitoa bango la mvuvi mnene mwenye ndevu na mabuti, anarukaruka ufukweni kwa furaha, na maneno yanayousifia upepo wa Skegness kwamba unamchangamsha mtu. Ni upepo wa baridi kutoka Bahari ya Kaskazini. Bango lilisema kweli, mtu wa Tanga anaweza kuthibitisha. Kule kaskazini-magharibi, kwenye miji ya pamba ya Lancashire, viwanda vya mji mzima vilifungwa wiki moja kwa pamoja, mabomba ya moshi yakapoa, na karibu mtaa mzima ukahamia Blackpool. Mtu alijikuta ufukweni kakaa jirani na yule yule wa nyumbani.

Tatizo lilikuwa pa kulala. Watu walipanga vyumba kwenye nyumba za wageni zilizoendeshwa na kina mama wenye nyumba, na masharti yao yamebaki kwenye kumbukumbu za Waingereza hadi leo. Ukishakunywa chai ya asubuhi, unatoka. Hurudi mpaka saa ya chakula. Mvua ikinyesha, na pwani hiyo mvua hainyeshi kwa ratiba, unazunguka mitaani na watoto wako umelowa, unajibanza kwenye vibaraza vya kungojea basi. Maji ya moto ya kuoga yanalipiwa. Nyumba nyingine zilitoza hata chumvi na pilipili: mwisho wa wiki unakuta kwenye hesabu yako imeandikwa gharama ya kutumia kichupa cha chumvi kilichokuwa mezani. Sisemi wote walikuwa hivyo. Wengi walikuwa wajane waliokuwa wakihangaika kulipa pango zao. Lakini mfanyakazi aliyekusanya senti mwaka mzima hakustahili kufukuzwa kwenye chumba alichokilipia.

Wazo la kambi lilikuwepo mapema. Mwaka 1894 mtu wa Liverpool, Joseph Cunningham, alifungua kambi ya mahema katika kisiwa cha Isle of Man, kwa ajili ya vijana wa kiume peke yao, na pombe ilikuwa marufuku. Mwaka 1906 mwenye duka la vyakula na mjamaa wa dhati, John Fletcher Dodd, alianzisha yake huko Caister, pwani ya Norfolk. Kwa Dodd pia ulevi ulikatazwa, kelele baada ya saa tano usiku zilikatazwa, na wapiga kambi walisaidiana kazi. Ilikuwa likizo yenye mawazo ndani yake: wafanyakazi wakae pamoja, wale pamoja, wazungumze siasa, wapigwe na hewa safi. Mwaka 1931 Harry Warner, nahodha mstaafu wa jeshi, alifungua ya kwake Hayling Island. Kwa hiyo yule anayetajwa kila mahali kuwa mwanzilishi hakuanzisha. Alichofanya ni kuelewa kitu ambacho wenzake walikiona nusu.

Huyo ni Billy Butlin. Alizaliwa Cape Town mwaka 1899. Ukoo wa mama yake ulikuwa wa watu wa maonyesho ya kuhamahama, wale wanaofunga na kufungua vibanda vya michezo kutoka mji hadi mji. Utoto wake ulikuwa wa kuhamishwahamishwa: Afrika Kusini, Uingereza, kisha Kanada, ambako akiwa kijana aliajiriwa kwenye duka kubwa la Eaton's mjini Toronto. Eaton's walikuwa na kambi ya mapumziko kando ya ziwa kwa wafanyakazi wao, naye alikwenda. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alirudi Uingereza, mwaka 1921, na inasemekana alikuwa na pauni 5 tu mfukoni. Akafungua kibanda cha kurusha pete. Napenda sana habari ya kibanda kile. Wenzake walitengeneza vigingi vipana ili pete isiingie kirahisi. Butlin alivifanya vyembamba. Watu walishinda zawadi, wakatembea nazo uwanja mzima wakizionyesha, na foleni ikahamia kwake. Faida ya kila mchezo ilipungua, mapato ya siku yakaongezeka.

Ukielewa pete zile umeelewa kambi. Katika miaka ya 1920 alikaa siku kadhaa Barry Island, Wales, akaona familia zilizotolewa nje na mama wenye nyumba zinatangatanga kwenye mvua, nyuso zimekunjamana, watoto wanalia. Akaikumbuka kambi ya Kanada. Mwaka 1927 tayari alikuwa na uwanja wa michezo Skegness, na kilomita chache kaskazini mwa mji, Ingoldmells, akanunua shamba. Kambi ilifunguliwa siku ya Jumamosi ya Pasaka, tarehe 11 Aprili 1936. Aliyeifungua ni Amy Johnson, rubani mwanamke aliyeruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia mwaka 1930. Bei ilianzia shilingi 35 kwa wiki na kupanda hadi pauni 3 katika kilele cha kiangazi, milo mitatu na burudani zote ndani yake. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, na mfanyakazi wa kawaida alipata kiasi cha pauni 3 kwa wiki. Butlin aliitangaza hivyo hivyo: likizo ya wiki kwa mshahara wa wiki.

Siku za kwanza mambo hayakwenda. Watu walifika, wakapewa vijumba vyao, wakala, halafu wakakaa kimya. Hawakujuana. Walikuwa wamezoea kuambiwa watoke, sasa walipoambiwa wafanye watakavyo hawakujua waanzie wapi. Butlin akamwita Norman Bradford, fundi aliyekuwa ameajiriwa kwa shughuli nyingine, akamwambia awachangamshe wageni. Bradford akashika kipaza sauti, akatania, akawafanya watu wasalimiane na aliyeketi kushoto na kulia, na ukumbi ukaamka. Usiku ule ule Butlin akaona anahitaji watu wa aina hiyo, na wavae kitu kitakachowafanya waonekane kutoka mbali. Wakapewa koti jekundu. Makoti Mekundu wapo hadi leo hii: wanaongoza michezo, wanacheza dansi na mabibi waliokaa peke yao, wanatafuta watoto waliopotea.

Asubuhi spika zilizofungwa kila upande wa kambi ziliamsha watu kwa muziki na salamu. Chakula kililiwa kwa zamu mbili kwenye kumbi zenye meza mamia. Halafu bwawa la kuogelea, viwanja vya tenisi, boti, mashindano ya nani ana magoti yenye mifupa iliyotokeza zaidi, mashindano ya bibi mrembo mwenye wajukuu, dansi hadi usiku. Kijumba chenyewe kilikuwa chumba tu: vitanda, zulia dogo, beseni la kunawia na bomba la maji baridi, taa ya umeme. Choo na bafu vilikuwa nje, vya pamoja. Leo tungelalamika. Lakini bibi wangu anasema kwao Leicester choo kilikuwa uani na bafu lilikuwa karai la bati lililotundikwa msumarini, kwa hiyo yeye na kaka yake waliwasha na kuzima ile taa ya kitandani mpaka baba yao akawaambia basi.

Na usiku, wazazi wakiwa kwenye dansi, wauguzi walizunguka kati ya vijumba wakisikiliza. Mtoto akilia, namba ya kijumba chao ilitangazwa ukumbini, na mama akajua aende. Nimefikiria sana huduma ile. Mtu aliyeibuni alikaa akajiuliza ni nini hasa kinachomzuia mwanamke mwenye watoto wadogo kucheza dansi na mume wake.

Sasa kile kiti. Jioni ya kwanza, 1949. Baba yake bibi alikuwa anatengeneza viatu kiwandani, mama yake alikuwa kwenye kiwanda cha soksi, kisha anarudi nyumbani kupika, kufua, kupiga pasi. Viwanda vya Leicester vilifungwa kila kiangazi kwa wiki mbili, na mwaka ule walikuwa wameweka akiba tangu Krismasi. Wakaingia ukumbi wa chakula. Wakaletewa supu, nyama na viazi, halafu kitu kitamu chenye maziwa mazito ya manjano. Walipomaliza, mama yake akainuka, akaanza kukusanya sahani. Aliziweka moja juu ya nyingine, akafuta mezani kwa kiganja cha mkono, akageuka kutafuta jiko liko wapi. Msichana wa kuhudumia akaja mbio, akazichukua sahani zile mikononi mwake, akamwambia: "Kaa chini, mama. Hiyo kazi yangu."

Akakaa. Bibi anakumbuka mikono ya mama yake, jinsi ilivyokosa pa kwenda. Aliiweka mezani, akaiondoa, akaiweka mapajani, akakunja kitambaa cha mezani mara nne. Baba yake akacheka, kisha akaacha kucheka. "Alikuwa na miaka 38," bibi anasema, "na ile ndiyo mara ya kwanza mtu kumwondolea sahani."

Mimi kazi yangu ni kuondoa sahani za watu. Nawaogesha, nawavisha, nawapikia uji wa shayiri, naandika kwenye daftari nimeingia saa ngapi na nimetoka saa ngapi. Siilalamikii, inanilisha. Ila naelewa kwa nini mikono ile ilibaki bila kazi mezani. Mtu anayehudumia wengine maisha yake yote hapumziki kwa kuambiwa apumzike. Anahitaji mwingine asimame, achukue sahani, aseme hiyo ni kazi yangu. Kambi zile ziliufanya wema huo kwa maelfu ya watu kila wiki, kwa bei iliyojulikana tangu mwanzo, bila kumdai mtu shukrani.

Wasomi wengi wa enzi ile walizidharau. Walisema zinafanana na kambi za jeshi, spika, kengele, safu za vijumba, ratiba, mtu mwekundu anakulazimisha ufurahi. Naikubali sehemu moja ya lawama hiyo, maana kuna watu wanaotaka ukimya na hapo hawakuupata. Lakini wengi waliolaumu walikuwa na watumishi, au walikuwa na wake. Hawakuwahi kulipia chumvi.

Ieleweke pia kwamba haya yote yasingewezekana bila vyama vya wafanyakazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wafanyakazi wengi wa mikono wakienda likizo walikwenda bila mshahara. Kiwanda kikifungwa, mfuko nao ulifungwa. Vyama vilipigania jambo hilo kwa miaka mingi, na mwaka 1938 Bunge likapitisha sheria ya likizo yenye malipo. Mwaka huo huo Butlin alifungua kambi ya pili, Clacton. Mwaka 1939 wachimbaji makaa ya mawe wa Derbyshire walifungua kambi yao wenyewe hapo hapo Skegness, kwa ajili ya wachimbaji na familia zao. Watu walioshinda gizani chini ya ardhi sasa walilala karibu na bahari mahali palipokuwa pao. Kama ningeweza kurudi nyuma kwa siku moja, ningekwenda pale, siyo kwa Butlin.

Halafu vita. Skegness ilichukuliwa na jeshi la majini, likaipa jina la meli, HMS Royal Arthur, ingawa ilisimama kwenye nchi kavu, na mabaharia wakafundishwa mle mle walimokuwa wakicheza watu. Lakini kabla hata ya vita kuanza, kambi moja ilikuwa imeshapokea wageni wasiokuja likizo. Desemba 1938 watoto wa Kiyahudi waliotorokeshwa kutoka Ujerumani ya Hitler walishuka bandari ya Harwich bila wazazi wao, wakapelekwa kambi ya Warner ya Dovercourt iliyo jirani. Vijumba vilijengwa kwa ajili ya kiangazi na baridi ya mwaka ule ilikuwa kali. Watoto walikaa kwenye ukumbi wa chakula na makoti yao mwilini, wakingoja familia za kuwachukua. Na huko Mosney, Ireland, kambi ambayo Butlin aliifungua mwaka 1948, tangu mwaka 2000 wanakaa watu wanaoomba hifadhi, wengi wao wakitoka Afrika. Vijumba vya furaha vina uwezo huo wa kupokea, vimepangwa tayari kwa familia. Ila mtu asiyejua ataondoka lini hawezi kuiita likizo.

Baada ya vita milango ilifunguliwa na watu wakafurika. Filey 1945, Pwllheli na Ayr 1947. Fred Pontin akaingia mwaka 1946 na kambi ya Brean Sands, akafuata mtindo wa kambi ndogo ndogo, wafanyakazi wake wakavaa koti la buluu. Bognor Regis ikaja 1960, Minehead 1962, Barry Island, pale pale Butlin alipoiona mvua ile, 1966. Wanamuziki wengi walijifunzia huko kazi ya jukwaani. Ringo Starr alikuwa anapiga ngoma na bendi nyingine kambini Skegness kiangazi cha 1962 alipoitwa kujiunga na The Beatles.

Kilichoziangusha ni jua. Mwaka 1950 Vladimir Raitz alipeleka kundi la kwanza la watalii kwa ndege ya kukodi hadi Calvi, kisiwani Corsica, ndege, hema na chakula vyote kwa pauni 32 na shilingi 10. Kufika miaka ya 1970, Hispania ilikuwa imewachukua watoto wa wale wale waliokuwa wakienda Skegness, na siwezi kuwalaumu. Filey na Clacton zilifungwa 1983, Barry Island 1996. Mwishoni mwa 2023 na Januari 2024 Pontins ilifunga kambi tatu ndani ya wiki chache: Camber Sands, Prestatyn na Southport. Kwa jina la Butlin zimebaki tatu, Bognor, Minehead na Skegness.

Mwezi Mei nilipata siku mbili za mapumziko, nikapanda basi hadi Skegness, nikalipia siku moja kambini Ingoldmells. Kulikuwa na familia nyingi, na nilifurahi kuwaona kina mama wa Kihindi wa Leicester na kina mama wa Kipolandi wamekaa meza moja, chipsi katikati, viatu wamevua chini ya meza. Nikaulizia kijumba cha zamani. Kimoja cha mwaka 1936 kimehifadhiwa kisheria, hakiruhusiwi kubomolewa. Ni kidogo kuliko nilivyofikiri. Nilipima upande wa mbele kwa hatua zangu, zikaisha kabla sijaanza kuhesabu vizuri.

Saa nane mvua ikaja, ile ya upande, inayopigwa na upepo wa bango. Nikampigia simu bibi kama nilivyomwahidi. Hakuniuliza kuhusu kijumba wala bahari.

"Inanyesha?"

"Inanyesha sana, bibi."

"Na wewe uko wapi?"

Nikamwambia niko ndani, chini ya paa kubwa jeupe la kambi, nimekaa mezani, na kuna kijana amepita sasa hivi kuchukua sahani yangu.

"Hukumsaidia?"

"Sikumsaidia."

"Vizuri," akasema. "Kaa hapo hapo."